Mama Mkwe Juu ya Mnazi

Mwalimu wa kwanza wa Charo alikuwa stima yenyewe. Alipokuwa kijana pale kiwanda cha sukari cha Ramisi, alitia kidole mahali ambapo hata nzi walikuwa wamejifunza kutotua. Alirushwa, akavuka mtaro, akaangukia mzigo wa miwa, akainuka anacheka nywele zimemsimama. "Kumbe humo ndani mna mtu!" alisema. Tangu siku hiyo akawa anamtafuta mtu huyo, si kumlipiza kisasi, bali kumtuma kazi.

Na alimtuma. Alipostaafu ufundi wa taa katika hoteli moja ya Diani, alirudi kwake Bongwe na magunia ya nyaya na kichwa kisichojua kulala. Alitengeneza feni ya kuwapepea kuku wakati wa joto la kaskazi. Kuku wakanyonyoka manyoya upande mmoja tu, wakawa kila wakitaka kwenda mbele wanazunguka. Alitengeneza mbuzi ya kukunia nazi iliyojikunia yenyewe. Ilikuna nazi, ikakuna kifuu, ikakuna na kibao ilichokalia, na wali wa siku hiyo ulikuwa na ladha ya seremala. Kisha akaunda kengele ya kufukuza tumbili. Lakini tumbili wa huku wameishi na watalii wa kila taifa, hawana ushamba. Waliichunguza kengele, wakaielewa, wakaitia kazini: mmoja anaibonyeza uani, watu wanatoka mbio kutazama kuna nini, wenzake wanaingia jikoni kwa adabu na kutoka na chapati.

"Lakini ililia, haikulia?" Charo alijitetea. "Mimi niliahidi kengele italia. Sikuahidi italia kwa mkono wa nani."

Mkewe Kadzo aliyavumilia hayo yote, kwa maana yeye alikuwa na mashine yake ya kufulia, na mashine hiyo ndiyo iliyokuwa roho yake. Alifua shuka za nyumba za wageni za Diani, shuka nyeupe hata ukizitazama jua likiwaka unapiga chafya. Basi siku moja alirudi na mzigo wa shuka ukubwa wa ng'ombe, akafungua mlango wa mashine, akamkuta kuku ametaga ndani. Kuku alimtazama kama mwenye nyumba anavyomtazama mpangaji.

"Charo! Mota ya mashine yangu iko wapi?"

"Iko kwenye mnazi, mke wangu."

Kadzo hakuuliza swali la pili. Alizifua zile shuka kwa mkono mpaka ya mwisho, akazirudisha kwa wenyewe, akafunga nguo zake kwenye leso na kwenda zake kwao, kule bara ya Kinango, kwa mamake.

Mota kwenda kwenye mnazi ilikuwa na sababu yake, na sababu si ya kipumbavu. Wakwezi wamekwisha. Kijana wa leo ukimwambia apande mnazi anakuuliza una bodaboda ya kumpa. Nazi zinakauka huko juu, zinajiangukia zenyewe zinapotaka. Moja ilitoboa bati la duka la Sefu, ikamkosa Sefu mwenyewe kwa upana wa kofia. Charo alipoliona tundu lile, hakuona tundu, aliona kazi. Alichukua kiti cha plastiki, akakifunga matairi manne ya toroli yanayoukumbatia mnazi mawili kwa mawili, akaiweka mota chini ya kiti, akavuta waya mrefu kutoka soketi ya sebuleni. Swichi mbili: nyekundu kupanda, nyeusi kushuka. Gunia la mchanga lilikuwa limepanda na kushuka salama, na gunia halikulalamika.

Ila nyumba bila Kadzo ilikuwa imekufa ganzi. Charo alipika uji ukashika, akapika mwingine ukashika juu ya ule wa kwanza. Akawa anasimulia habari zake kwa kuku, na kuku hakuwa msikilizaji. Mwishowe alimtuma rafiki yake Tembo aende Kinango kumbembeleza Kadzo. Tembo ni mtu wa maneno mengi, hajawahi kufikisha ujumbe bila kuupamba, lakini safari hii alirudi kimya.

"Amesemaje?"

"Kadzo hakusema kitu. Mamake ndiye aliyesema. Anakuja mwenyewe kusikiliza kesi."

Charo alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama. Kwa bahati palikuwa na ndoo.

Mamake Kadzo anaitwa Mbodze, na kila mtu, awe mjukuu au asiwe, humwita Hawe, yaani bibi. Ni mwanamke mfupi, mpana, mwenye sauti ya kuita mbuzi walioko kilima cha pili. Naye Hawe Mbodze anashika heshima ya ukwe kama ilivyokuwa tangu enzi. Mkwe na mama mkwe hawatazamani. Hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja, na neno likiwa zito hupita kwa mtu wa tatu. Siku hizi pale Ukunda utamwona mtu na mama mkwe wake wamebanana shavu kwa shavu wanapiga selfi, na mbingu haijaanguka. Hawe Mbodze yeye hakuwa amelegeza hata uzi mmoja. Miaka yote ya ndoa yake, Charo alikuwa amemwona mama mkwe visigino tu, vikiingia mahali pengine. Ungempangia visigino vya tarafa nzima angevichagua vya Hawe bila kukosea. Na alijua sheria ya Hawe: mkwe atakayemtazama, binti anarudi nyumbani, na mzee yeyote asiulize kwa nini.

Pikapu iliwasili asubuhi na vumbi lake. Hawe alitandikiwa mkeka upande wa mbele wa nyumba, Charo akaketi upande wa nyuma, Tembo akasimama kwenye pembe ili aone kote kuwili. Kadzo alikaa kando ya mamake, uso ameufunga kama duka siku ya Idi. Majirani walikuwa wamekwisha kufika, kila mmoja na kisingizio chake: Sefu mwenye duka alikuja kuulizia tundu la bati lake, na Beryl, binti wa Kisumu anayesuka watalii nywele hotelini na kupanga chumba kwa Sefu, alisema amekuja kuchaji simu.

"Tembo," Hawe alianza, "mwambie huyo mtu nimefika."

"Charo, umefikiwa."

"Mwambie shikamoo," Charo alisema.

"Marahaba," Hawe alijibu.

"Jamani, ngojeni nifikishe!" Tembo alilalamika. "Mkijibizana wenyewe mimi nitakuwa nafanya nini hapa?"

"Haya, fikisha. Mwambie mwanangu amekuja kwangu viganja vimechubuka kwa kufua shuka za watu kwa mkono. Mwambie mwanamume anayemng'oa mke wake moyo akaufunga kwenye mti, hata hayawani wa porini hawajafanya hivyo."

Tembo akageukia nyuma ya nyumba. "Anasema wewe ni hayawani."

"Sikusema hivyo!"

"Nimefupisha, Hawe."

Charo akaegemea ukuta na kujieleza. Alieleza habari za wakwezi waliokwisha, habari za bati la Sefu, habari za siku ambayo Kwale nzima itakwea minazi imekaa. Alisema mota angeirudisha. Alisema usiku kitanda kimekuwa kipana kama uwanja wa ndege wa Ukunda. Hilo la kitanda Tembo hakulifikisha, kwa heshima, lakini Kadzo alikuwa amelisikia, akatazama upande mwingine.

Hawe alinyoosha miguu mkekani. Kisha akatoa hukumu.

"Mwambie hivi. Kama kidude chake kinaweza kumpandisha mtu na kumshusha na nazi mkononi, mtu mzima, hajavunjika, basi mwanangu aliumia kwa sababu, na atabaki. Kama hakiwezi, naondoka na Kadzo, na mashine yake ya kufulia tunaipakia kwenye gari hii hii, na kuku aliyemo ndani ni wangu."

"Nakubali!" Charo aliruka. "Napanda sasa hivi!"

"Tembo, mwambie mtu hawi shahidi wa kesi yake mwenyewe. Apande mwingine."

Watu wote walianza kutazama ardhi, kana kwamba pale chini kuna gazeti.

"Mimi ni mjumbe," Tembo aliwahi. "Na mjumbe hauawi."

"Mimi nina duka," Sefu alisema.

"Msiniangalie mimi," Beryl alisema. "Nilikuja Coast kutafuta job, si kutafuta kaburi."

"Basi nitapanda mimi," Hawe alisema, akajizoa mkekani.

"Mama!" Kadzo alishtuka. "Kwa umri huo?"

"Umri gani? Nimepanda punda, nimepanda lori la makaa, nimepanda mgongo wa babako siku mto ulipofurika. Kiti cha plastiki ndicho kitakachonishinda? Isitoshe, maisha yangu yote ninanunua nazi sokoni Kinango, na kila mwuzaji ananiambia mama, mwaka huu minazi haikuzaa. Leo nitakwenda kuona na macho yangu."

Charo alisikia hayo na moyo wake ukapanda na kushuka bila swichi. Gunia la mchanga lilikuwa jambo moja, mama mkwe lilikuwa jambo jingine. Alitaka akague kila skurubu, afunge mkanda, apime uzito. Lakini atapimaje, na mzigo wenyewe ndio asioruhusiwa kuutazama? Alisogea uani kinyumenyume kama kaa, akasimama ameupa mnazi kisogo, akawa anatoa maelekezo kwa duka la Sefu lililokuwa mbele yake.

"Tembo, mwambie swichi nyekundu ni kupanda! Nyeusi ni kushuka! Akae katikati! Asiguse mota!"

Hawe aliketi. Kwa kuwa alikuwa mtu wa heshima, na watu wangekuwa chini naye juu, hakuridhika na leso aliyojifunga kiunoni. Aliitwaa na ya pili, akajifunika magoti, akaizungusha nyuma ya kiti na kuikaza fundo, ncha mbili zikabaki zinaning'inia huko chini ya kiti karibu na matairi. Wote waliona na wote walimsifu kwa kujisitiri. Mtu mmoja tu pale Bongwe angeziona ncha zile na kupiga ukelele, naye alikuwa ameligeukia duka.

Swichi nyekundu ikabonyezwa. Mota ikaunguruma, matairi yakaung'ata mnazi, na Hawe Mbodze akaondoka duniani taratibu, amekaa wima kama hakimu. Watu walipiga vigelegele. Hata Kadzo alisahau kununa, akashika mdomo. Charo alifumba macho akasikiliza. Mlio ulikuwa safi. Aliujua kama mtu anavyoujua mwendo wa mtoto wake. Mama mkwe alipita kimo cha bati, akapita kimo cha mpapai, akafika kwenye makuti. Mota ikanyamaza.

Kisha kutoka juu: "Alaa!"

"Mama! Kuna nini?" Kadzo aliita.

"Naiona bahari! Kumbe ndiyo hiyo? Maji yote yale yamelala bure, na sisi Kinango tunauziwa kwa mtungi!" Makuti yakatikisika, akawa anageuka. "Na kule kwenye mahoteli wamechimba mashimo wakatia maji ya buluu, hakuna hata ng'ombe mmoja anayeyanywa! Watu wamelala humo kama viboko! Na nazi zimejaa hapa, tele, za kijani na za kukauka! Ngojeni nirudi sokoni Kinango! Wataniambia haikuzaa kwa mdomo upi?"

Mkwezi wa kweli, kabla hajapanda, hupiga kelele tatu au nne ili majirani wanaooga wajisitiri, kwa kuwa vyoo vyetu vina ukuta havina paa. Hawe hakuwa ameambiwa desturi hiyo, na kwao hakuna minazi.

"We bwana unayeoga pale nyuma ya mwembe! Sugua mgongo, umeacha nusu!"

Mahali fulani ndoo ilianguka.

"Na hii ngazi ya kijani iliyolazwa nyuma ya duka ni ya nani?"

Tembo aligeuka polepole. "Sefu. Ngazi yangu ya kijani si uliniambia iliibwa?"

"Labda mwizi amejuta akairudisha," Sefu alisema, na jasho likamtoka. "Jamani, huyu mama ashushwe! Ashushwe sasa hivi, jua litamdhuru!"

Kwa Sefu lilikuwa jambo la dharura. Kwa Hawe halikuwa hata kidogo. Alichuma nazi, akaipakata, akatoa habari za mtaa mzima kwa zamu, nyumba kwa nyumba, mpaka alipotosheka. Ndipo akabonyeza swichi nyeusi.

Mota ikanguruma mngurumo mwingine, mzito, wa mtu aliyekabwa. Kiti hakikusogea. Akabonyeza tena. Mngurumo tena.

"Stima imepotea?" mtu aliuliza.

"Redio ya Sefu inaimba," akajibiwa.

Charo hakuhitaji redio. Pua yake ilikuwa imekwisha kunasa ile harufu, harufu ya nyaya zinazoanza kuungua. "Chomoa!" alilia. "Kadzo, chomoa plagi!" Kadzo alikimbia ndani akachomoa. Kila kitu kikatulia isipokuwa moyo wa Charo.

"Kimekwama," Hawe alitangaza kutoka juu, bila hofu, kama mtu anayetangaza kwamba mchezo umekwisha. "Tembo, mwambie huyo mtu kimekwama."

"Mwambie nimesikia. Mwambie asiguse kitu. Tembo, tazama pale chini ya kiti, uniambie unaona nini."

Tembo alikinga jua kwa mkono. "Naona kitu cheusi. Na karibu na kile kitu cheusi kuna kitu kingine cheusi."

"Hilo ni tairi! Linafanya nini?"

"Limetulia tu. Limekutana na kile kinachofanana na sufuria, na kuna vitambaa vitambaa vya Hawe, mimi sivichunguzi sana, ni mama wa watu."

"Sefu, tazama wewe."

"Mimi naona mama amekaa kwenye mnazi," Sefu alisema. "Na ananitazama."

Charo aliuma kidole. Kutazama kwake mara moja, kwa muda wa kupiga chafya, kungetosha. Ndipo Tembo akapata wazo. Aliteka maji kwenye beseni, akaliweka mbele ya miguu ya Charo. "Inama. Mtazame humu. Anayetazama mwezi ndani ya maji hajautazama mwezi."

"Mwezi ni mama mkwe wa nani?" Sefu aliuliza.

"Natoa mfano."

"Mfano mbaya. Ukitazama sahani ya futari kwenye kioo mchana wa Ramadhani hujala, sawa. Lakini umeitazama."

"Kwani heshima iko machoni au iko kwenye kitu kinachotazamwa?" mzee mmoja aliingilia, na hapo baraza likawaka moto, hawa wakishikilia beseni, wale wakishikilia sahani. Ubishi ulikuwa mtamu, watu wakaanza kukaa chini. Charo alilitazama beseni. Kuku alikuwa ameshalifikia, anakunywa, maji yote mawimbi, na mama mkwe humo ndani alikuwa vipande vipande.

Beryl alichoka. "Wazee, si mimi nipige tu picha nizoom, aone?" Akainua simu, akapiga, akamletea Charo. Kabla hajafika Kadzo aliipokonya.

"Picha ya mamangu? Iliyopigwa kutokea chini? Beryl, una akili timamu wewe?"

"Sorry, auntie. Nafuta. Wallahi nafuta." Beryl alikuwa Mkristo, lakini akiogopa huapa kwa dini yoyote iliyo karibu.

Dereva wa pikapu akapiga honi. Alisema njia ya Kinango ni ndefu na yeye hakulipwa kutazama sarakasi. Kutoka juu Hawe akamsikia.

"Dereva ana haki. Kesi imekwisha, kidude kimeshindwa. Kadzo, panda gari utangulie. Pakia na mashine yako. Mimi nitakuja nikishuka, na nisiposhuka nitawaletea habari kwa sauti."

Kadzo alisimama. Hakwenda kwenye gari, wala hakwenda kwa Charo. Alikuwa katikati ya ua ameshika kile kifurushi chake cha nguo. Charo akamwona anapangusa jicho kwa bega, mikono imejaa. Viganja vyenyewe, kweli, vilikuwa na magamba ya sabuni. Mambo yote aliyowahi kuyaunda yakamwona mjinga kwa pamoja.

"Kadzo," alisema, "nikimtazama mamako, nimekukosa. Nisipomtazama, nimekukosa na mamako atalala na bundi. Basi nikukose nikiwa nimefanya kazi."

Akageuka. Akainua uso. Akamtazama mama mkwe wake.

Ua wote ulipigwa na butwaa. Wengine walifunika macho yao wenyewe, kana kwamba kosa linaambukiza. Tembo alifunika masikio, kwa kukosa la kufanya. Na kule juu Hawe Mbodze aliyaona macho ya Charo kwa mara ya kwanza, naye Charo akaona kwamba mama mkwe wake ana pengo la meno ya mbele kama la Kadzo, kitu ambacho visigino havikuwahi kumwambia.

Lakini hakukaa hapo. Jicho lake lilishuka chini ya kiti, na chini ya kiti ilikuwa leso. Tairi lilikuwa limeimeza nusu. Maandishi yake makubwa yalisomeka neno moja tu, mengine yako tumboni mwa mashine. Neno hilo lilikuwa USINIONE.

"Leso!" Charo alipiga kelele. "Mama, ni leso! Imeingia kwenye tairi!"

"Tembo," Hawe alisema kwa baridi, "mwambie huyo mtu ananisemesha."

"Charo, unamsemesha."

"Najua namsemesha! Mama, fungua lile fundo la nyuma! Kadzo, chomeka plagi nikikuambia, si kabla! Mama, bonyeza nyekundu kidogo, itapanda inchi mbili tatu, tairi litaitapika, wewe uvute!"

"Tembo, mwambie mimi si wa kuamrishwa na mkwe."

"Hawe," Tembo alisema, "mimi leo nimeacha kazi."

Kadzo alikuwa ameshatupa kifurushi na kukimbia ndani. "Niko tayari!" alilia kutoka sebuleni, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyenuna.

"Chomeka!"

Mota ikanguruma. Hawe akanung'unika, akabonyeza nyekundu, akavuta. Kiti kikaruka juu, tairi likatema, leso ikamtoka Hawe mkononi na kuchukuliwa na upepo. Ilipunga hewani mara mbili, ikashuka kwa utaratibu wote, ikamfunika Charo kichwa na uso mpaka kifuani.

Watu walisema ah!

"Usiiguse!" Hawe alinguruma. "Mwache nayo hivyo hivyo! Sasa ndiyo amevaa adabu!"

Basi Charo alimshusha mama mkwe wake akiwa kafunikwa gubigubi, kwa kusikiliza mota peke yake. "Nyeusi, mama! Acha! Nyeusi tena! Taratibu kwenye kile kinundu!" Na kiti kikashuka, kikapita mpapai, kikapita bati, kikatua mchangani kwa mguno mdogo. Hawe alikaa pale, mzima, hajavunjika, nazi mapajani.

Vigelegele vilianza, vikasita. Kila mtu alikuwa anakumbuka kwamba nazi imeshuka, ndiyo, lakini na jicho limepanda.

"Kutazama ametazama," alisema mzee mmoja wa upande wa sahani.

"Lakini baadaye amefunikwa," alisema mwingine wa upande wa beseni. "Tena kwa leso ya mama mkwe mwenyewe. Desturi ni mkwe kumpa mama mkwe nguo. Hii ya nguo kurudi, mimi sijaisikia. Nani sasa anadaiwa?"

Hawe aliinua mkono, wakanyamaza. Aliipapasa nazi kwa kiganja. Charo chini ya leso aliona kitambaa tu, na kupitia kitambaa aliona jua na kivuli kimoja kipana.

"Kosa la kutazama ni mbuzi," Hawe alisema. "Dume, si jike. Na mbuzi huyo sitamla Kinango. Nitamlia hapa, kwa kuwa siondoki. Kule juu upande wa Msambweni sijautazama vizuri, jua lilinipiga machoni. Nitakaa mpaka mvua inyeshe kwetu."

Waliokuwa wanaijua Kinango na mvua yake isiyokuja walitazamana.

"Kila asubuhi nitapanda," aliendelea. "Na mniwekee mwavuli. Kidude hiki hakiondolewi kwenye mnazi."

"Nini?" Kadzo alitoka sebuleni, plagi mkononi. "Mama, mota ile ni yangu! Ni ya shuka zangu!"

"Utafua kwa mkono. Mimi nilifua kwa mkono nikakulea."

"Nilikuja hapa kuidai!"

"Ulikuja kusikiliza kesi, na kesi imekwisha. Kidude kimeshinda."

"Kimeshinda kwa mota yangu!"

Kwa mara ya kwanza maishani Charo, chini ya leso, alikuwa na wazo na hakulisema.

Dereva alipiga honi ndefu. "Mimi naondoka na nani sasa? Niambieni! Mama? Binti? Mashine? Kuku?"

"Usiondoke na mtu!" Kadzo alimfokea. "Mimi siendi popote! Nikitoka hapa nikirudi nitamkuta huyu amejenga kibanda juu ya mnazi kwa mota yangu!" Alivuka ua, akachukua bisibisi mfukoni mwa mumewe bila kumwuliza, akapiga magoti chini ya kiti. Charo, gizani mwake, aliinama kando yake na kumshikia skurubu kwa kupapasa, moja baada ya nyingine, mpaka mota ikatoka. Kadzo akaipakata mpaka mlangoni, akaiweka kizingitini, akaikalia. Ilikuwa bado ya moto. Akaruka juu, akapiga yowe, akajipepea nyuma kwa mkono, akaitazama, kisha akaikalia tena.